Nishani za Daktari wa Jeshi

Watu wakiona nishani zimepangwa kifuani mwa mzee aliyekwenda vitani, husema, "Huyu aliua wengi." Leo nataka kuwaelezeni nishani za mtu ambaye kazi yake vitani ilikuwa kuponya, ili tujue namna ya kuzisoma.

Mtu huyo ni Kapteni Christopher James Wilson, daktari. Vita Kuu ilipoanza mwezi wa Agosti 1914, walowezi wa nchi ambayo sasa ni Kenya walikusanyika Nairobi, wakaunda jeshi la wapanda farasi lililoitwa East African Mounted Rifles. Wilson alikuwa daktari wa jeshi hilo, na baadaye akatunga kitabu cha habari zake, kilichopigwa chapa mwaka 1938.

Jeshi hilo lilipigana Longido, mlima ulio kaskazini ya Mlima Meru, tarehe 3 Novemba 1914. Waingereza, watu kama 1,500, walikwenda usiku ili wawashambulie Wadachi, yaani Wajerumani, waliokuwa wameushika mlima. Kulipokucha ukungu ulikuwa umetanda, na nyumbu waliochukua maji wakatawanyika kwa milio ya bunduki. Usiku ulipoingia, Waingereza wakarudi nyuma. Mtu mzima huivumilia kiu ya siku moja. Lakini je, majeruhi aliyetokwa na damu? Hapo ndipo ilipo vita ya daktari.

Basi tutazame nishani. Wilson alipewa Msalaba wa Kijeshi. Ni msalaba wa fedha, na utepe wake ni mweupe wenye mstari wa zambarau katikati. Uliwekwa mwezi wa Desemba 1914 kwa maofisa wa vyeo vya chini, kwa ajili ya ushujaa na utumishi bora vitani. Zaidi ya huo zilikuwako nishani tatu za watu wote: Nyota ya shaba, kwa waliotumika vitani kabla ya mwaka 1915 kwisha, Nishani ya Vita, ya fedha, na Nishani ya Ushindi, yenye utepe wa rangi za upinde wa mvua. Hizi tatu hazisemi kwamba mtu alikuwa shujaa kuliko wenziwe. Zasema tu kwamba alikuwako.

Lakini liko jambo ambalo nishani haziwezi kulisema. Mwezi wa Aprili 1916 Jenerali Van Deventer alitoka Arusha kwenda Kondoa Irangi wakati wa masika. Farasi wake wengi walikufa kwa ndorobo, na watu wakaugua homa na kuhara. Kikosi cha tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilikuwa na watu 1,135 mwezi wa Februari mwaka ule. Ilipofika Oktoba waliobaki wazima walikuwa 116 tu. Adui mkubwa alikuwa maradhi, wala si risasi.

Na walioumia kupita wote ni wapagazi, waliochukua vyakula, risasi na machela. Waliokufa upande wa Waingereza, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walizidi 40,000, na wengi wao waliuawa na maradhi. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, latokana na jeshi lao. Lakini walio wengi hawakuandikwa majina yao juu ya kaburi lolote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kosa hilo, ikaomba radhi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, thamani ya nishani si fedha yake, bali ni jina. Nishani ya Vita na ile ya Ushindi zimepigwa chapa ukingoni jina la mwenyewe na kikosi chake; ile Nyota imepigwa nyuma. Daktari Wilson ana jina katika madini na katika kitabu pia. Mpagazi aliyemchukua majeruhi begani hana.

Ikiwa nyumbani kwenu iko nishani ya babu, msiipeleke kwa sonara ikayeyushwe. Isugueni ukingo kwa kitambaa laini, mlisome jina, mliandike daftarini pamoja na yale mliyoyasikia kwa wazee. Jina likiisha kupotea, hapana daktari awezaye kulirudisha.