Jina Takatifu, Kanisani na Sokoni



Katika Sala ya Baba Yetu, ombi la kwanza si la mkate wala la msamaha, bali tunaomba Jina la Mungu litukuzwe. Pengine katekista ameulizwa na wanafunzi wake: Je, Mungu amepungukiwa na utakatifu hata sisi tumwombee? La, hasha! Sifa zetu hazimwongezei kitu, wala dhambi zetu hazimpunguzii. Tunachoomba ni kwamba utakatifu wake utambuliwe na kuheshimiwa duniani, na kwanza kabisa katika mwenendo wetu sisi tunaoitwa kwa Jina lake.

Kwa Kiebrania, neno takatifu lina maana ya kutengwa kwa ajili ya Mungu. Kwa sababu hiyo wengine hudhani kwamba utakatifu ni mali ya mapadre na watawa, walioyaacha malimwengu. Lakini tusome Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19. Hapo Mungu anaiamuru jumuiya yote ya Israeli iwe takatifu kwa kuwa Yeye ni mtakatifu. Kisha anaeleza maana yake: kuwaheshimu wazazi; kuwaachia maskini na mgeni masazo ya mavuno; kutolaza ujira wa kibarua hadi asubuhi; kutomwekea kipofu kikwazo; kusimama mbele ya mwenye mvi; kutumia mizani ya haki. Mungu yule yule anayeagiza juu ya sadaka anaagiza pia juu ya mizani.

Tuingie basi sokoni kwetu. Mnunuzi anamlazimisha mkulima kushindilia gunia la lumbesa, kisha anamlipa bei ya gunia la kawaida. Muuzaji anaapa, “Haki ya Mungu!”, hali akijua kwamba bidhaa yake ni mbovu. Huyo amelifanya Jina takatifu kuwa kifuniko cha wizi. Sura ile ile ya 19 yasema kwamba kuapa uongo kwa Jina la Mungu ni kulitia unajisi. Naye Nabii Ezekieli, sura ya 36, anawalaumu Waisraeli kwa sababu Jina la Mungu lilidharauliwa kati ya mataifa kwa ajili yao. Wasioamini huusoma mwenendo wetu kabla ya kuyasoma Maandiko.

Turudi sasa nyumbani. Yupo mwajiri anayemwambia mtumishi wake kila mwisho wa mwezi, “Subiri kidogo,” na huku kijijini wadogo zake mtumishi huyo wamerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa madaftari. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya Waraka wake, anafundisha kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kilio hicho humfikia Bwana. Basi Jumapili Mungu husikia sauti mbili kutoka nyumba moja: wimbo wa mwajiri na kilio cha mtumishi. Je, ndugu yangu, unadhani ni ipi itakayotangulia kumfikia?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati yake juu ya Kanisa iliyotolewa tarehe 21 Novemba 1964, ulifundisha kwamba waamini wote wanaitwa kuwa watakatifu, kila mmoja katika hali na kazi yake. Hata hivyo, hatuwezi kuitikia wito huo kwa nguvu zetu wenyewe. Nabii Isaya alipowasikia maserafi wakimwita Mungu mtakatifu mara tatu, aliona midomo yake kuwa michafu, akajililia. Ndipo serafi akaigusa midomo hiyo kwa kaa la moto lililotoka madhabahuni. Vivyo hivyo midomo yetu hutakaswa madhabahuni, ili ikanene kweli sokoni.

Wapendwa, wimbo ule wa maserafi ndio tunaouimba katika Misa kabla ya mageuzo. Kabla ya kuuimba Jumapili ijayo, kila mmoja na ajiulize: Je, ninashikilia ujira wa mtu? Je, kipimo changu ni cha haki? Aliye na deni na alilipe wiki hii, wala asingoje Kwaresima. Hapo wimbo wetu na kazi zetu vitamtukuza Mungu kwa sauti moja.

Mungu Mtakatifu awabariki nyote. Amina.