Mtoto Asiyetaka Kukanyaga

Twasoma habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliyeanguka akiwa na miaka mitano, akawa kiwete maisha yake yote. Leo twazungumza juu ya kilema cha utotoni kisichotokana na kuanguka, na ambacho mara nyingi chaweza kuzuiwa.

Mzazi, awe Kililana au penginepo, aonapo goti la mtoto limevimba husema, "Alianguka akicheza," au, "Ni baridi yabisi." Kisha mafuta hupashwa moto, na kuchua kukaanza. Twaomba mkono huo ungoje kidogo. Je, mtoto ana homa? Goti lina moto? Akataa kabisa kukanyaga? Basi huenda vijidudu vimeingia kiungoni kwa njia ya damu. Usaha huharibu gegedu, ile sehemu laini ifunikayo ncha za mifupa, na siku chache zatosha. Nyonga yatisha zaidi, maana uvimbe wake hauonekani.

Mara nyingi vijidudu hivyo ni stafilokoka. Kwa watoto wenye selimundu, hata salmonela. Mara chache ni meningokoka, viletavyo homa ya uti wa mgongo, vilivyoenea Nairobi mwaka 1989. Hivi huweza kushika goti hata shingo ya mtoto isipokakamaa. Tena vina jambo la kushangaza: mtoto amekwisha kuanza dawa, homa imeshuka, na baada ya siku kadhaa goti lavimba. Wazazi hukata tamaa. Kumbe mara nyingi dawa haikushindwa. Ni kinga ya mwili wenyewe inayowasha kiungo, na uvimbe huo kwa kawaida hupoa bila kuacha kilema. Lakini hilo ataliamua daktari, si jirani, na dawa isikatizwe.

Kutoka Kililana ni kwenda Mokowe, kisha mashua hadi Hospitali ya King Fahd, Lamu. Twajua nauli ni mzigo. Hata hivyo safari iwe leo, na pakiwa na madoa mekundu au meusi yasiyofifia yakibonyezwa, iwe saa hii hii; tazameni viganja na nyayo, ambapo huonekana wazi zaidi. Daktari hutoboa kiungo kwa sindano, maji yake yakapimwa, usaha ukatolewa, na dawa ikatiwa mshipani.

Ikithibitika kuwa ni meningokoka, wanaolala naye nyumba moja nao wapewe dawa ya kinga upesi, hata wakiwa wazima.