Kenya: Lafudhi na uso vinavyozaa kicheko

Katika nchi yenye lugha zaidi ya 40, mzaha hautegemei maneno pekee. Sauti, uso na kimya cha mzungumzaji ndivyo humwongoza msikilizaji kuamua kama acheke au akasirike.

Mfano ulio wazi ni lafudhi. Kijaluo hakina sauti "sh", hivyo baadhi ya wazungumzaji wake hutamka "shindano" kama "sindano". Kikuyu hakina "l", na "kula" huweza kusikika kama "kura". Msikilizaji hupata maana mbili kwa wakati mmoja: iliyokusudiwa na iliyoletwa na ulimi. Mgongano huo ndio unaochekesha, na ndiyo sababu mzaha wa aina hiyo hupotea ukitafsiriwa.

Marehemu Benson Wanjau, maarufu kama Mzee Ojwang', aliitumia vyema mbinu hiyo. Ingawa alikuwa Mkikuyu, katika kipindi cha Vitimbi cha KBC alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na watazamaji wengi waliamini ni Mjaluo. Alifariki dunia mwaka 2015.

Kicheko ni mwaliko

Ishara zisizo za maneno nazo zina kazi yake. Mzungumzaji anaponyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho, msikilizaji hutarajia jambo moja kisha akapata jingine. Mwaka 1979, mtafiti wa Marekani Gail Jefferson alieleza kuwa anayecheka mwishoni mwa kauli yake humwalika mwenzake acheke pia. Mwaliko huo unaweza kukubaliwa au kukataliwa.

Nchini Tanzania, utani wa makabila, kama ule wa Wangoni na Wahehe, hutoa ruhusa hiyo mapema: mtani anajulikana kabla hajafungua kinywa.

Pasipo ruhusa, mzaha huwa hatari. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, zilizosababisha vifo vya zaidi ya watu 1,000, Kenya ilitunga sheria mwaka 2008 inayokataza kauli za chuki za kikabila. Lafudhi inayochekesha ikiigwa na rafiki mezani huweza kuumiza ikiigwa na mwanasiasa jukwaani, mbele ya umati usio na mtu wa kabila hilo. Kiswahili chenyewe hutofautisha kucheka na mtu na kumcheka mtu. Jibu huonekana kwanza usoni mwa anayeigwa.