Ufuta hauvunwi kwa mundu butu

Masika yakikatika, Likawage huingia kwenye msimu wake mkubwa. Ufuta umeanza kupukutisha majani, maganda ya chini yamegeuka manjano, na mkulima hana muda wa kupoteza: akichelewa, maganda hupasuka na mbegu humwagika. Hapo ndipo mundu butu unapomtia hasara. Badala ya kukata shina kwa mkupuo mmoja, anavuta na kutikisa, na kila mtikisiko unamwaga mbegu ardhini. Katika kata hii ya bara wilayani Kilwa, watu hupiga hesabu ya palizi, dawa, magunia na gharama za kufikisha mzigo mnadani. Jiwe la kunolea halimo kwenye hesabu, ingawa ni pembejeo ya bei nafuu kuliko zote hizo.

Wengi hutegemea tupa. Kwa panga na jembe inafaa, maana chuma chake si kigumu sana. Tupa hula inaposukumwa mbele. Ukiirudisha kwa kuikandamiza, unayaua meno yake mwenyewe. Kwa kisu chembamba, hata hivyo, tupa hula chuma kingi na kuacha ukingo wenye mikwaruzo. Mashine ya umeme ina hatari nyingine: joto. Ukiona ukingo umegeuka bluu, joto limekaribia nyuzi 300 za Selsiasi na ugumu wa chuma pale umeshapungua. Kisu hicho kitakata leo, kesho hakipati tena.

Kinoo hakina pupa. Kiloweshe maji, ukiweke mahali pasipoteleza. Kisu cha jikoni hulazwa kwenye pembe ya nyuzi 15 hadi 20. Panga linalokata miti linahitaji kama 25 hadi 30, lisije likamegeka. Hakuna haja ya kipimo cha shuleni. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, kiinamishe hadi nusu, kisha nusu tena: umefika karibu nyuzi 22. Kama huna uhakika, paka ukingo wino wa kalamu nene, usugue mara mbili tatu, uangalie. Wino ukifutika juu tu, umelaza mno. Ukifutika kwenye ncha ya makali tu, umeinua mno.

Sugua upande mmoja, kuanzia karibu na mpini hadi nchani, mpaka kidole kikipapasa upande wa pili kikute ukwaru mwembamba wa chuma uliojikunja kwa urefu wote wa makali. Bila ukwaru huo bado hujafika, hata ukisugua hadi adhuhuri. Ukiupata, geuza kisu.

Watu wengi huishia hapo, na ukwaru unabaki. Kisu kinaonekana kikali, lakini kikikata nyanya chache ukwaru unalala na makali yanapotea. Dawa yake ni ngozi. Vinyozi wa zamani walipitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi kabla ya kugusa kidevu cha mteja. Nyembe za kutupa zikaja, mazoea hayo yakafifia. Mkanda mkuukuu wa ngozi halisi, uliogongomelewa kwenye ubao, unatosha. Kisu huvutwa kwa kutanguliza mgongo, makali yakifuata nyuma. Ukitanguliza makali, utachana ngozi.

Wilaya hii yenye Waislamu wengi ina sababu nyingine ya kujali makali. Mafundisho ya Mtume yanamtaka mchinjaji anoe kisu chake ili mnyama asiteseke. Wachongaji wa mpingo nao wana sababu yao. Kijiji chenyewe cha Likawage ni miongoni mwa vile vya Kilwa vilivyotenga msitu wa hifadhi wa kijiji, na mpingo ndio mti wenye sifa huko. Moyo wake ni mzito hata huzama majini, na hulemaza msumeno na patasi upesi. Anayeuchonga hunoa kila mara katikati ya kazi, wala haoni kwamba amepoteza muda.

Mvunaji wa ufuta angeiga tabia hiyo. Mundu unolewe kabla ya kwenda shamba, na jiwe liende nao. Kila baada ya mafungu kadhaa, pitisha mara chache. Jioni ufutwe utomvu, upakwe mafuta kidogo dhidi ya kutu. Bei hupangwa mnadani, na mkulima mmoja hana sauti kubwa pale. Mbegu zinazobaki kwenye ganda hadi turubai, hizo ana uwezo nazo.