MAJI YA MVUA NI SUALA LA MFANYAKAZI: FUNZO LA BWAISE



Mvua kubwa ikinyesha usiku mjini Kampala, mkazi wa kilimani hujifunika blanketi akaendelea kulala. Mfanyakazi anayepanga chumba Bwaise huamka. Huinua godoro, halafu unga, halafu watoto. Kukipambazuka bado anachota maji chumbani, na king'ora cha kiwanda hakimngoji. Akifika geti limefungwa, siku yake imepotea na mshahara unakatwa. Ndiyo maana tunasema mtaro wa maji ya mvua ni suala la chama, sawasawa na mshahara.

MAJI YANATOKA WAPI

Kampala imejengwa juu ya vilima, na mabonde yaliyo katikati yalikuwa vinamasi vya mafunjo. Kinamasi hupokea maji mengi na kuyaachia polepole. Bwaise iko bondeni, kando ya kinamasi cha Lubigi. Mji ulipokua, wenye kipato kidogo walikwenda kupanga mahali penye kodi nafuu, yaani bondeni. Huko juu mabati, lami na saruji vikazuia maji kuingia ardhini. Barabara ya mzunguko ya kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 2009, nayo ilipitishwa katika kinamasi hicho hicho.

Basi tusikubali kuambiwa kwamba mwenye kosa ni mpangaji wa bondeni. Maji yanayomfurika hayakuanguka juu ya paa lake peke yake. Yametoka kilimani.

MPANGO MZURI HUANZIA CHINI

Mwaka 2002 Kampala ilipata mpango mkuu wa mifereji. Mpango huo uliugawa mji katika mikondo mikubwa 8, na miongoni mwake ni Nakivubo, unaomwaga maji Ziwa Victoria, na Lubigi, unaoelekea kaskazini-magharibi. Msingi wake ni mzuri: fuata njia ya maji, usifuate mipaka ya kata.

Kanuni ya mafundi ni kuanzia mwisho wa mkondo. Ukipanua mtaro wa juu kabla ya ule wa chini, umempelekea jirani yako gharika. Kwanza mfereji mkuu, halafu ya kati, kisha vijitaro vya vichochoroni. Ndivyo Lubigi ulivyopanuliwa, na mfereji wa Nakamiro, unaopita Bwaise, nao ukashughulikiwa.

Pia mafundi huchagua ukubwa wa mvua watakayoizuia. Wakisema "mvua ya miaka 10", maana yake si kwamba itakuja mara moja kisha tupumzike miaka tisa. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja katika kumi ya kupata mvua kubwa kama hiyo au kuizidi. Inaweza kuja miaka miwili mfululizo.

FEDHA NI ZA NANI

Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 175 kwa awamu ya pili ya mradi wa Kampala, wa barabara pamoja na mifereji. Mwaka 2022 ikaidhinisha fedha nyingine, zaidi ya dola milioni 500, kwa Kampala na wilaya za jirani. Mkopo si sadaka. Utalipwa kwa kodi anayokatwa mfanyakazi wa kiwandani, na kwa kodi iliyomo katika sabuni anayonunua mkata miwa. Anayelipa ana haki ya kuuliza.

Tuulize mambo matatu. Kwanza, fidia. Kifungu cha 26 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 kinataka fidia ya haki ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa. Lakini mpangaji hana ardhi. Chumba chake kikibomolewa, atakwenda wapi, na nani atamlipia kuhama?

Pili, usafishaji. Mkopo hujenga mfereji, lakini haumlipi mzoa tope wa kila mwezi. Mfereji wa zege uliojaa mchanga na chupa za plastiki ni ukuta tu. Mnamo Machi 2025 mafuriko yaliua watu Kampala, ingawa fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika. Bajeti ya mji lazima iwe na fungu la usafishaji, na wasafishaji wapewe buti, glavu na ajira ya kudumu.

Tatu, vijitaro vya mitaani. Wenyeji ndio wanaojua maji yalifika dirisha gani. Waitwe kabla ramani haijachorwa, wasisubiri kuonyeshwa iliyokwisha kupigwa mhuri.

NA SISI WA MASHAMBANI

Ndugu wa miwa na chai, msidhani habari hii ni ya mji. Tazameni kambi zenu. Zikiwa chini ya kiwanda, maji yake yanapita mlangoni kwa nani? Kila tawi lizunguke kambi yake wakati wa mvua, liandike nyumba zinazoingiwa na maji na mahali mtaro ulipoziba. Orodha hiyo iwekwe mezani siku ya mapatano na mwajiri, kando ya madai ya mshahara.

Mtu mmoja akizibua mtaro mbele ya mlango wake, humsogezea jirani maji. Tukizibua wote, kuanzia chini kwenda juu, maji yatapata njia.

Umoja ni nguvu.