Ndovu wa Karatasi

Wasikilizaji wetu, na ninyi mnaotusoma baada ya mazungumzo kwisha, twawaomba leo mfuatane nasi mpaka Idodi, katika njia itokayo Iringa mjini kuelekea Hifadhi ya Ruaha. Wenyeji wa huko hawahitaji kuelezwa ndovu ni mnyama gani. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, lakini ndovu hawajui mipaka. Usiku huingia katika mahindi, na kulipokucha mwenye shamba hukuta mabua yamelala chini, nyayo pana kama sinia, na marundo ya mavi. Chakula cha mwaka kimekwisha kwa usiku mmoja. Mtu aliyepatwa na msiba huo hataki kuhubiriwa uzuri wa ndovu, wala sisi hatutamhubiria. Twataka kusema habari ya vitu viwili tu vilivyosalia pale shambani, yaani mabua na mavi, kwa kuwa ndivyo tulivyoanzia kazi yetu ya jioni: kuunda sanamu kwa mikono, kwa vitu vya namna mbalimbali vilivyounganishwa pamoja.

Najua, au tuseme twajua, kwamba wengine watacheka. Nasi tulicheka. Walakini hebu tutazame jambo lenyewe. Ndovu mmoja aliyekomaa aweza kula hata kilo 150 za majani na magome kwa siku, na tumbo lake haliyeyushi hata nusu ya chakula hicho. Kinachobaki ni nyuzi za mimea, zimekwisha kutafunwa na kulainishwa. Na karatasi ni nini, hata hii mnayoisoma? Ni nyuzi za mimea zilizotenganishwa ndani ya maji, zikalazwa tabaka nyembamba, zikakauka zimeshikana. Wachina walilijua jambo hilo yapata miaka 2,000 iliyopita, wakatumia magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu. Basi tumbo la ndovu limekwisha kufanya nusu ya kazi ya mtengeneza karatasi, tena bila ujira.

Hatukuyavumbua hayo sisi. Mwaka 2003, mjini Iringa, kazi iitwayo Neema Crafts ilianzishwa chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Aliyeianzisha, Bibi Susie Hart, alianza na vijana viziwi watatu, akawafundisha kutengeneza karatasi kwa mavi ya ndovu. Baadaye kazi hiyo ilikua, ikaingia katika ufumaji, ushonaji na ufundi mwingine, na watu wengi wenye ulemavu wakapata riziki humo. Zamani wengi wa watu kama hao waliachwa nyumbani kama wasiofaa kitu. Sisi tulikwenda kutazama kwa udadisi tu, tukarudi na haya kidogo, maana chuoni kwetu tulikuwa tumefundisha kazi za mikono miaka mingi kwa kununua karatasi za rangi dukani, na zilipokosekana tuliandika katika daftari ya somo: “Hakuna vifaa.”

Karatasi yenyewe haina siri. Chukueni mavi makavu yaliyoangushwa shambani mwenu, si ya ndani ya hifadhi. Yaosheni kwa maji mengi mpaka maji yatoke meupe, kisha yachemsheni kwa maji ya jivu muda wa saa kadhaa. Kuchemsha huua vijidudu na kulegeza nyuzi. Suuzeni tena, twangeni katika kinu kisichotumika kwa chakula, na kuvikoroga vilivyotwangwa katika beseni la maji. Fanyeni fremu ya mbao iliyowambwa wavu, itumbukizeni, inueni polepole ikiwa imelala sawasawa, acheni maji yachuje, kisha ipindueni juu ya kitambaa. Kwa jua la Idodi karatasi hukauka siku ile ile. Iringa mjini, penye baridi na ukungu, ngojeni siku mbili. Maganda na majani ya mahindi hufanywa vivyo hivyo, na karatasi yake ni nyeupe zaidi. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara. Hili si la mzaha.

Sasa tufike kwenye sanamu. Watoto wa Idodi, kama watoto wa kila kijiji, hufinyanga ng’ombe wa udongo kando ya mifereji ya mpunga, na kila mtu aliyewahi kufanya hivyo ajua yatokeayo: pembe huvunjika kwanza, kisha miguu. Sababu yake ni hii. Udongo ukikauka husinyaa. Sehemu nyembamba hukauka upesi, kifua kingali kibichi, na pale vinapokutana hupasuka. Tena udongo uliokaushwa kwa jua tu hurudi kuwa tope ukinyeshewa. Lazima upite motoni, upate moto mkali kabisa wa kiasi cha digrii 600 au zaidi, ndipo maji yaliyojificha ndani ya chembe zake yatoke yasirudi tena. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema katika Ziwa Nyasa, wanaujua moto huo kuliko sisi, na vyungu vyao vyatembea masokoni mwa nyanda zetu. Lakini si kila nyumba ina fundi wa kuchoma, wala kuni za kupoteza. Kwa hiyo sisi tuliuacha udongo ufanye kazi moja tu, kuwa uzito wa miguuni, na mwili tukaufanya kwa karatasi.

Kwanza ni kiunzi. Kijana aliyewahi kuunda gari la waya hahitaji mwalimu hapa. Waya mmoja mrefu huwa uti wa mgongo na mkonga, nyaya mbili zilizopindwa huwa miguu minne, na vyote hufungwa kwa kamba ya mkonge. Msimamisheni kabla ya kuendelea. Akianguka sasa, akiwa mifupa mitupu, ataanguka vibaya zaidi akiisha kuvikwa nyama. Kisha jazeni tumbo kwa majani makavu yaliyofungwa kaza, na nyayo kwa udongo ulioshindiliwa. Baada ya hayo pikeni gundi ya unga wa ngano au wa muhogo, nyepesi kama uji wa mgonjwa, mkatie chumvi ya kutosha. Magazeti ya zamani yararuliwe vipande virefu. Tumesema yararuliwe, si yakatwe kwa mkasi: penye ukingo ulioraruka nyuzi zimechomoza, nazo hushikana na za jirani, hali ukingo wa mkasi huacha mstari ambao baadaye hubanduka.

Vikeni tabaka moja, tena moja, kisha acheni likauke kivulini. Hapo ndipo tulipokosea sisi. Ndovu wetu wa kwanza tulimvika tabaka sita kwa siku moja, wakati wa masika, kwa kuwa tulitaka kumwonyesha siku ya wazazi. Nje alikuwa mkavu, ukimgonga analia kama ngoma. Ndani alikuwa mbichi. Siku ya nne akaanza kunuka, na ya saba panya walikuwa wamekula mkonga wote, maana gundi ilikuwa ya unga na chumvi tuliisahau. Wazazi walimwona ndovu asiye na mkonga. Mmoja akauliza kwa upole kama yule ni kiboko, nasi tukakubali kwamba ni kiboko.

Tabaka la mwisho ndilo la karatasi ya mavi, na hapa yatupasa kusema kwamba hakuna rangi ya dukani iliyotupa ngozi kama ile. Ikibanwa mbichi hukunjamana yenyewe, na nyuzi za magome huonekana kama mikunjo ya shingo ya ndovu mzee. Masikio ni karatasi ya mahindi iliyowambwa juu ya kitanzi cha milulu, yale majani ambayo akina mama wa Iringa husukia vikapu.

Yabaki jambo moja, nalo ni zito. Tuliwaambia wanafunzi wetu wa ualimu: “Tumieni chochote mtakachookota.” Mmoja wao, katika mazoezi ya kufundisha kwenye kijiji kimoja cha njia ile, akawaambia watoto vivyo hivyo. Wakaleta miiba ya nungu, manyoya ya ndege wa porini na pembe ndogo ya swala iliyookotwa njiani. Ikapambwa sanamu nzuri, ikawekwa dirishani. Mzee mmoja aliyepita akamwita mwalimu kando, akamwuliza: “Mwanangu, wataka kufungwa?” Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, pembe, meno, mifupa, ngozi, makucha na manyoya ya mnyama wa porini ni nyara za serikali, hata ukiwa umeviokota wala hukuua. Kuwa navyo bila kibali ni kosa, na kosa lenyewe hupeleka watu gerezani. Kijana yule alivipeleka vyote kwa afisa wanyamapori siku ile ile, akaeleza, akasikilizwa. Lakini hatukulala vema usiku ule, maana neno lililomponza lilitoka kinywani mwetu. Tangu hapo twawafundisha hivi: manyoya ni ya kuku, sufu ni ya kondoo, pembe ni ya ng’ombe kutoka machinjioni, na kila kitu cha porini kiachwe kilipo na habari zake zipelekwe serikali ya kijiji.

Ndovu wa pili tulimmaliza wakati wa kiangazi, kwa majuma matatu. Meno yake ni pembe ya ng’ombe iliyochongwa na kusuguliwa kwa mchanga. Tulimpeleka Idodi, kwa mzee ambaye mavi na mabua vilitoka shambani mwake. Akamzunguka mara mbili, akambonyeza tumbo, akauliza karatasi ile yakubali wino. Tukamwambia yakubali, ila kalamu hukwama kidogo kwenye nyuzi. Akasema: “Basi nipeni moja, mwalimu. Nataka kuandikia maombi yangu ya kifuta jasho.” Tukampa tatu.