Kusahau kwa Nyanya na Daktari wa Mfukoni

Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa wa kusahau, na hasa yale tunayoyasoma kuuhusu katika simu zetu.

Nyanya yangu alianza kusahau. Mara atie chumvi mara mbili, mara aniite kwa jina la mjomba. Sisi wajukuu, tunaojiona werevu sana, tukakimbilia intaneti. Baada ya dakika tano tulikuwa tumekwisha kutoa hukumu: ni Alzheimer, haina tiba, basi. Mama akalia. Shangazi naye akaona tangazo la tembe za kurudisha kumbukumbu, akatuma pesa siku iyo hiyo.

Hebu tutazame kosa lilikuwa wapi. Tuliyoyasoma hayakuwa uongo. Ugonjwa huo, ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mara ya kwanza mwaka 1906, kweli hauna dawa ya kuuponya. Lakini kusahau ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na sote twajua kwamba si kila homa ni malaria. Mzee aweza kusahau kwa kuwa tezi ya shingoni imelegea kazini, au amepungukiwa na vitamini B12, au ana huzuni ya muda mrefu, au dawa anazomeza zinamchanganya, au alianguka na damu ikavilia ndani ya fuvu. Haya yana matibabu, na mengine hayangoji. Simu haipimi damu, jamani! Inajibu neno uliloandika tu. Ukiandika Alzheimer, utapewa Alzheimer hadi uchoke.

Na zile tembe je? Nyingi hutengenezwa kwa majani ya mti uitwao ginko. Marekani waliamua kuujaribu kwa watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, nusu hivi wakipewa ginko na wengine tembe zisizo na dawa, bila kujua nani kapewa nini. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Waliopatwa na ugonjwa wa kupoteza akili walikuwa 277 upande wa ginko na 246 upande wa tembe tupu. Yaani ginko haikuzuia chochote. Hata hivyo matangazo yake yangalipo.

Kuna nyingine, Prevagen, iliyonadiwa kwa protini iliyogunduliwa kwanza katika konyeza, yule kiumbe wa baharini anayewasha waogeleaji. Mwaka 2017 serikali ya Marekani na jimbo la New York ziliwashtaki watengenezaji kwa kudai ati inaboresha kumbukumbu bila ushahidi wa kutosha. Amri ya mahakama ya kuwakataza madai hayo ilikuja mwaka 2024. Hesabu miaka hiyo, msomaji, kisha ujiulize wangapi walinunua.

Wengine husema, "Mimi huamini ukurasa wenye muhuri." Muhuri upi? Shirika la Health On the Net la Geneva lilikuwa likitoa muhuri kwa kurasa za afya zilizofuata kanuni zake, lakini huduma hiyo ilikomeshwa mwaka 2022. Ukiuona leo, haukuambii lolote.

Mimi sasa hutazama kwanza kama mwandishi ana kitu cha kuuza. Kisha hutafuta tarehe, maana ukurasa usio na tarehe ni kama mkebe usioandikwa siku ya kuharibika. Na zaidi ya yote, hutazama kama unaniambia nimpeleke mgonjwa akapimwe, au unaniambia nitulie nyumbani ninunue.

Nyanya alipelekwa hospitali mwishowe, baada ya miezi minne ya tembe. Daktari hakuanza na ubongo. Aliuliza anameza dawa gani. Kumbe nyanya ana kisukari na amemeza metfomini miaka mingi, na dawa hiyo, ingawa ni nzuri, ikitumiwa muda mrefu huweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Damu ikapimwa, vitamini ikaonekana chini kabisa, akaanzishiwa sindano.

Siku hizi ananiita kwa jina langu, ingawa miwani bado humpotea. Tembe za shangazi zingali kabatini, na hakuna anayethubutu kutaja bei yake mbele ya shangazi.